Jozi 90 Zilirudi: Habari za Bwana Bean na Duka Lake

Ndugu msomaji, hebu fikiri kidogo. Wewe una duka kijijini. Jana uliuza jembe. Leo mteja amerudi nalo. Jembe limepinda siku ya kwanza tu ya kulima. Anakuonyesha. Wewe unaona kwa macho yako kwamba chuma kilikuwa kibovu. Utafanya nini?

Wenye maduka wengi wana jibu tayari. Limeandikwa chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Mteja husoma maneno hayo, huchukua jembe lake, na huondoka kimya. Duka limebaki na fedha. Je, limebaki na mteja?

Leo nataka tusome habari za mtu mmoja aliyepata mtihani kama huo. Yeye hakurudishiwa jembe moja. Alirudishiwa jozi 90 za viatu kati ya jozi 100 alizouza. Mtu huyo aliitwa Leon Leonwood Bean. Duka lake la vifaa vya uwindaji, uvuvi na kambi lilianza mwaka 1912 katika mji mdogo wa Freeport, nchini Marekani. Duka hilo lipo mpaka leo.

MJI WA FREEPORT

Freeport uko katika jimbo la Maine. Jimbo hili liko kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani, karibu na Kanada. Upande mmoja kuna bahari. Upande mwingine kuna misitu, mito na maziwa mengi.

Huko majira ya baridi ni makali. Theluji huanguka kutoka mbinguni kama majivu meupe na kufunika ardhi. Theluji ikiyeyuka, njia za msituni hujaa maji na tope. Mtu mwenye viatu vibovu huumia.

Watu wa Maine wa zamani walikuwa wakulima, wavuvi, wakata magogo na mafundi wa viatu. Wengi walikuwa wawindaji pia. Kila mwaka wageni kutoka miji mikubwa walikuja huko kuwinda na kuvua. Kwao ilikuwa michezo na mapumziko. Kwa wenyeji, wageni hao walikuwa soko.

MTOTO YATIMA

Leon Bean alizaliwa mwaka 1872 katika kijiji cha Greenwood, katika jimbo hilo hilo. Baba yake alikuwa mkulima. Walikuwa watoto sita.

Wanasimulia kwamba siku moja, Leon akiwa bado mdogo, baba yake alimpa nafasi ya kuchagua. Aende kwenye maonyesho ya kilimo, kama sisi tunavyokwenda Nane Nane, au anunuliwe mitego ya chuma ya kukamatia wanyama. Mtoto alichagua mitego. Maonyesho huisha siku hiyo hiyo, lakini mtego huleta kitu kesho na kesho kutwa.

Alipokuwa na miaka 12, msiba mkubwa ulimpata. Baba na mama yake walifariki dunia, wote wawili, ndani ya siku nne. Leon na ndugu zake walilelewa na jamaa zao. Alifanya kazi za shambani. Alisoma kwa muda mafunzo ya biashara, huku akitafuta fedha kwa vibarua. Baadaye akaajiriwa katika duka la kaka yake, la nguo na viatu. Mwaka 1898 alioa, na baadaye akahamia Freeport.

Miaka ikapita. Mwaka 1911 alikuwa na miaka 39. Hakuwa tajiri. Hakuwa mtu wa kujulikana. Alikuwa muuza duka kama wauza duka wengine.

MIGUU ILIYOLOWA

Kila alipokwenda kuwinda, Bwana Bean alirudi na miguu iliyolowa na kuuma. Wawindaji wa wakati huo walivaa mabuti mazito ya ngozi. Ngozi ni nzuri, kwa sababu hupitisha hewa na hushika mguu vizuri. Lakini ngozi ikikaa kwenye maji kwa muda mrefu hulowa, huwa nzito, na mguu hupata baridi.

Yalikuwepo pia mabuti ya mpira mtupu. Mpira haupitishi maji hata kidogo. Lakini haupitishi hewa pia. Jasho hubaki ndani. Wenzetu wanaolima mpunga na kuvaa mabuti ya mpira kutwa nzima wanajua jambo hili. Unavua buti jioni, na mguu umelowa ingawa maji ya shamba hayakuingia. Tena buti la mpira huchezacheza mguuni, na ukitembea mbali linachosha.

Bwana Bean akawaza. Sehemu ya chini ya kiatu ndiyo inayokanyaga maji. Basi hiyo iwe ya mpira. Sehemu ya juu ndiyo inayoshika mguu. Basi hiyo iwe ya ngozi laini na nyepesi. Akachukua kiatu cha mpira na ngozi, akaenda kwa fundi viatu wa mjini. Akamwomba avishone pamoja.

Akavaa. Akaenda msituni. Miguu ikabaki mikavu. Marafiki zake nao wakapenda.

Tazama, ndugu msomaji. Mpira ulikuwepo tangu zamani. Ngozi ilikuwepo tangu zamani. Kilichokuwa kipya ni kuviunganisha. Akili ni mali.

JOZI 100 ZA KWANZA

Mwaka 1912 Bwana Bean aliamua kuuza viatu hivyo. Lakini awauzie nani? Freeport ulikuwa mji mdogo.

Hapo alitumia akili nyingine. Mtu asiye mkazi wa Maine alipotaka kuwinda katika jimbo hilo, alilazimika kukata leseni. Kwa hiyo ilikuwepo orodha yenye majina na anwani za wawindaji hao. Bwana Bean aliipata orodha hiyo. Akachapisha tangazo la kurasa chache, akalituma kwa posta kwa watu hao. Hakutangaza kwa kila mtu. Alitangaza kwa wale tu waliohitaji kiatu cha kwendea msituni.

Katika tangazo hilo alitoa ahadi. Alisema viatu hivyo vitamridhisha mnunuzi kwa kila hali. Asiporidhika, atarudishiwa fedha zake.

Bei ilikuwa dola tatu na nusu kwa jozi. Wateja walituma fedha. Jozi 100 zikatengenezwa, zikatumwa.

Kisha zikaanza kurudi. Moja, mbili, kumi, ishirini. Kampuni yenyewe husimulia kwamba jozi 90 zilirudi. Kosa lilikuwa moja. Mpira wa chini ulikuwa laini mno, haukuweza kushika nyuzi. Mtu akitembea, matundu ya sindano yalipanuka, mpira ukachanika, na kiatu kikaachana vipande viwili.

MTIHANI WENYEWE

Hebu tufanye hesabu. Jozi 90 mara dola tatu na nusu ni dola 315. Kwa muuza duka wa mwaka 1912, hizo zilikuwa fedha nyingi. Tena fedha nyingine zilikuwa zimekwisha kulipia mpira, ngozi na ufundi.

Angeweza kukaa kimya. Wateja walikuwa mbali, katika majimbo mengine. Wengi wasingesafiri mpaka Freeport kudai dola tatu na nusu. Angeweza kusema wao ndio waliovivaa vibaya. Angeweza kufunga kazi hiyo na kurudi kuuza mashati.

Bwana Bean alirudisha fedha zote.

Lakini hakuishia hapo, na hili ndilo jambo la pili la kujifunza. Alitafuta chanzo cha kosa. Alipojua kwamba tatizo ni mpira, na wala si wazo lake, akakopa dola 400. Akaenda Boston kwenye kampuni kubwa ya mpira. Akapata sehemu za chini zilizotengenezwa kwa mpira imara zaidi. Akatengeneza viatu upya, akatangaza tena.

Safari hii nyuzi zilishika.

Angalia mpango wake. Hakukopa kabla ya kujua kosa liko wapi. Wako watu ambao biashara ikianguka hukimbilia mkopo mara moja, na mkopo huo huingia katika shimo lile lile. Yeye kwanza alijua shimo liko wapi. Ndipo akatafuta fedha za kuliziba.

POSTA ILIVYOMSAIDIA

Mtu hafanikiwi kwa bidii yake peke yake. Serikali nayo ina sehemu yake. Tarehe 1 Januari 1913, posta ya Marekani ilianza kazi ya kubeba vifurushi vikubwa. Kabla ya hapo ilibeba vifurushi visivyozidi karibu kilo 2. Mizigo mikubwa zaidi ilibebwa na makampuni ya watu binafsi, na watu wa vijijini waliumizwa na gharama. Tangu siku hiyo posta ilipokea vifurushi vya mpaka kilo 5, na baadaye uzito huo ukaongezwa.

Hii ilikuwa neema kwa wakulima. Waliweza kupokea vitu kutoka mjini, na hata kutuma mayai na siagi kwa wateja. Kwa Bwana Bean, ilikuwa kama barabara mpya iliyopita mlangoni kwake. Kazi yake ilikuwa juu ya ofisi ya posta ya Freeport, na ndugu yake, Guy Bean, alikuwa mkuu wa posta hiyo. Vifurushi viliteremshwa kutoka juu moja kwa moja mpaka posta chini.

Biashara ikakua polepole. Viatu vikafuatwa na makoti, mashati mazito, mifuko, ndoano na vifaa vya kambi. Yeye mwenyewe aliandika maelezo ya bidhaa katika kitabu cha matangazo. Aliandika kwa maneno mafupi, kama mtu anayezungumza na rafiki. Vitu vingi alivijaribu mwenyewe msituni au mtoni kabla ya kuviuza. Mwaka 1937 mauzo ya mwaka yalipita dola milioni moja.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Marekani ilimwita atoe ushauri juu ya mabuti ya askari. Yule yatima wa Greenwood sasa alikuwa mwalimu wa viatu kwa jeshi.

DUKA LISILO NA KUFULI

Wawindaji na wavuvi huanza safari usiku ili wafike kabla ya alfajiri. Wengi walipita Freeport saa nane au saa tisa za usiku. Mmoja amesahau ndoano. Mwingine soksi zake zimetoboka. Waligonga mlango au kupiga kengele, na mtu akaamka kuwahudumia.

Mwaka 1951 Bwana Bean aliamua jambo la ajabu. Duka litakuwa wazi saa 24, siku zote za mwaka. Kwa kuwa mlango hautafungwa, kufuli likaondolewa.

Tangu hapo duka lile limefungwa mara chache sana. Mojawapo ilikuwa mwaka 1967, kwa mazishi ya mwanzilishi wake. Nyingine ilikuwa mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea na maduka mengi duniani yakafungwa.

Bwana Bean alifariki tarehe 5 Februari 1967, akiwa na miaka 94.

MJUKUU ACHUKUA USUKANI

Tusimsifu mtu kupita kiasi. Katika miaka yake ya mwisho, Mzee Bean hakutaka mabadiliko. Alipoambiwa apanue biashara, alijibu kwamba tayari anakula milo mitatu kwa siku, na hawezi kula wa nne. Hilo ni jibu la mtu aliyeridhika. Lakini wafanyakazi walizeeka pamoja naye, na mambo ya ofisi yalibaki ya kizamani.

Mjukuu wake, Leon Gorman, alikuwa amefanya kazi pale miaka kadhaa. Alianza chini. Alijifunza bidhaa moja moja. Babu alipofariki, yeye akawa mkuu. Alibadilisha utaratibu wa kazi, lakini hakubadilisha ahadi ya babu kwa wateja. Aliongoza mpaka mwaka 2001. Wakati huo mauzo ya mwaka yalikuwa yamepita dola bilioni moja. Bwana Gorman alifariki mwaka 2015.

Kile kiatu cha mpira na ngozi bado kinashonwa katika jimbo la Maine mpaka leo.

AHADI ILIPOCHEZEWA

Sasa nakuomba, ndugu msomaji, usome sehemu hii kwa makini. Inatuhusu sisi wanunuzi.

Kwa miaka zaidi ya 100, kampuni ya Bean ilipokea bidhaa zilizorudishwa bila kuweka kikomo cha muda. Wateja wengi walikuwa waaminifu. Lakini walitokea wajanja. Walinunua viatu vikuukuu kwenye minada ya vitu vilivyotumika, wakavipeleka dukani, wakadai vipya. Wengine walivaa koti miaka mingi mpaka likachakaa, kisha wakalirudisha kana kwamba lilikuwa bovu tangu mwanzo.

Kampuni ilieleza kwamba katika miaka mitano ilipoteza dola milioni 250 kwa bidhaa za namna hiyo. Mwezi Februari mwaka 2018 ikabadilisha utaratibu. Sasa mteja ana mwaka mmoja wa kurudisha bidhaa asiyoridhika nayo, na lazima aonyeshe uthibitisho wa kununua. Baada ya mwaka huo, kampuni husikiliza shauri la bidhaa iliyotengenezwa vibaya tu.

Ahadi iliyovumilia jozi 90 za viatu vibovu haikuvumilia wanunuzi wasio waaminifu. Uaminifu ni kama mzigo wa mti mrefu. Hubebwa na watu wawili. Mmoja akiutupa, mwingine huumia bega.

SISI TUNAJIFUNZA NINI?

Katika kazi yangu ya ugani naona jambo moja kila msimu. Mkulima ananunua mbegu dukani. Anapanda, mbegu haioti. Anarudi dukani, anafukuzwa. Mwaka unaofuata hanunui mbegu tena, si kwa mwenye duka yule tu, bali kwa duka lolote. Anapanda mabaki ya ghalani. Mavuno yanashuka. Ukimshauri atumie mbegu bora, anakutazama na kucheka. Duka moja lililokataa kurudisha fedha chache limeharibu kazi ya miaka mingi.

Kwa hiyo, ninyi wenye maduka, vyama vya ushirika, vikundi na mafundi, yafikirieni haya:

1. Jaribu kwanza kwa kiasi kidogo. Bwana Bean alianza na jozi 100, si jozi 10,000. Kama zingekuwa 10,000, angezama.

2. Mjue mteja wako. Andika majina na mahitaji yao. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

3. Tenga akiba ya kurudisha. Ahadi isiyo na fedha nyuma yake ni maneno matupu.

4. Bidhaa ikirudi, uliza sababu. Kilichorudi ni mwalimu. Kama vitu 3 vimerudi kwa kosa moja, acha kuuza mpaka ujue chanzo.

5. Weka masharti mapema, tena yaeleweke. Sema ni siku ngapi, na mteja alete nini.

Na sisi wanunuzi tuna wajibu wetu:

1. Tudai risiti na kuitunza. Kwa mbegu, tutunze na pakiti yake yenye lebo ya TOSCI.

2. Tukiona kosa, tulieleze mapema. Tusingoje mpaka msimu uishe.

3. Tusirudishe tulichokiharibu wenyewe. Mbegu iliyopandwa kwenye udongo mkavu si kosa la duka.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

Someni habari hii kwa sauti katika kikundi, kisha mjadili:

1. Kwa nini kiatu cha ngozi tupu kilimsumbua Bwana Bean? Na cha mpira mtupu kina ubaya gani?

2. Jozi 90 ziliporudi, alifanya mambo gani, na kwa mpango upi?

3. Kwa nini alikopa baada ya kujua kosa, na si kabla?

4. Katika kijiji chenu, duka gani hupokea bidhaa mbovu zikirudishwa? Watu husema nini juu ya duka hilo?

5. Kama kikundi chenu kingefungua duka, mngeandika nini chini ya risiti?

Swali la tano msilijibu haraka. Chukueni karatasi, muandike maneno yenyewe, kila mmoja ayasome. Kisha mjiulize kama mngekuwa tayari kuyatimiza siku ambayo jozi 90 zitarudi.